Panga jembamba, panga la springi au kukri: lipi la kukatia na kupogolea miti?

Kabla ya kuuliza bei ya panga, nenda kautazame mti utakaoukata. Lishike tawi. Kama ni bichi na linaenea kwenye kiganja, unataka chuma cha namna moja. Kama ni gogo la mkaratusi lililokauka juani tangu kiangazi kilichopita, unataka chuma cha namna nyingine kabisa. Nasema hivi kwa sababu dukani watu huanza na jina lililogongwa kwenye bapa, au na rangi ya mpini, halafu wakifika shambani mkono unawauma siku ya kwanza na panga linaishia kukatia majani ya mbuzi.

Shamba letu liko Muheza, mkoani Tanga, upande wa kwenda Amani. Katikati ni michungwa, mpakani misaji na mikaratusi, bondeni migomba na minazi michache. Kazi ya miti pale haiishi: kupogoa, kuvuna fito na mirunda, kutema kuni, kuchonga vigingi, kufyeka vichaka vinavyorudi kila baada ya masika. Nyumbani nina mapanga mawili ninayoyatumia kweli, jembamba la dukani na la springi ya gari lililofuliwa na mhunzi, kukri moja, yaani kisu kizito kilichopinda cha Nepali, iliyotoka mbali, na nyengo ya marehemu baba. Nimeyatumia yote kwa miaka, na ninayoyasema hapa yametoka kwenye mikono yangu na ya vijana ninaofanya nao kazi.

Unene wa mgongo, na uzito ulipokaa

Weka mapanga mawili ya urefu mmoja sakafuni, yasimamishe kwa makali, uyatazame kwa juu. Mgongo wa moja ni milimita 2, wa jingine ni milimita 5. Hizo milimita 3, ambazo dukani huzioni kwa sababu unatazama ubapa, ndizo zinazoamua karibu kila kitu.

Bapa jembamba hupita kwenye mti mbichi kwa wepesi, maana halina mwili wa kuzuiliwa na nyuzi za mti. Nguvu yake ni mwendo wa mkono. Ukilipeleka kwenye mti mkavu hunasa, linatetemeka hadi kwenye kiwiko, na ukilipinda ili kulinasua linakunja. Bapa nene lina tabia tofauti. Haliingii mbali kwa pigo moja, lakini linapoingia linapasua, kibanzi kinaruka, na chuma kinatoka chenyewe.

Jambo la pili ni mahali uzito ulipokaa. Nusu kilo iliyokaa karibu na ncha hupiga kwa nguvu kuliko robo tatu ya kilo iliyokaa karibu na mpini. Ndiyo sababu panga letu la Afrika Mashariki limepanuka kuelekea mwisho, na ndiyo sababu kukri imepinda kwenda chini kama mdomo wa tai. Chukua panga lolote, liweke juu ya kidole kimoja mpaka lisimame sawa bila kuangukia upande. Likisimama karibu na mpini, ni la kufyekea na kukatia kwa wepesi. Likisimama kiganja kizima mbele ya mpini, ni la kupigia miti, na litakuchosha.

Maumbo haya yana asili yake. Machete ndefu nyembamba za Amerika ya Kati na Kusini zilikua pamoja na miwa, migomba na vichaka laini. Parang na golok za Malaysia na Indonesia, fupi na nzito, zilikua na msitu wenye miti migumu, mahali ambapo huna nafasi ya kurusha mkono mbali. Kukri ni ya vilima vya Nepali, ambako chombo kimoja hukata kuni, huchinja mbuzi na huingia jikoni kukata nyama. Ukilijua hilo huhitaji kubishana ni lipi bora kuliko jingine. Swali ni mti gani.

Panga jembamba la dukani

Hili ndilo wengi wetu tumelelewa nalo: bapa la sentimita 40 hadi 46, unene wa milimita 2 au zaidi kidogo, uzito unaozunguka nusu kilo, mpini wa plastiki au wa mbao wenye ribiti tatu. Yapo ya Kichina na ya Kihindi yaliyojaa kila duka la pembejeo. Yapo ya Brazili ya Tramontina, kampuni iliyoanza mwaka 1911 kwenye mji wa Carlos Barbosa, kule kusini kabisa mwa nchi ile. Wazee watakutajia la Uingereza lenye nembo ya mamba, la Martindale. Kwa watu wa zamani wa Amerika ya Kati na Kusini jina kubwa lilikuwa Collins, la Connecticut, Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1826 na kiwanda chake kikafungwa mwaka 1966. Watu kule walikuwa wakisema "Collins" wakimaanisha panga, kama sisi tunavyosema "Kiwi" tukimaanisha dawa ya viatu.

Kiwanda kizuri hutumia chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali, lakini hakikikazi sana. Hiyo ni busara. Chuma kilichokazwa kupita kiasi kikigonga jiwe humeguka kipande, na kibanzi cha chuma kikiruka ni hatari. Chuma cha panga kinatakiwa kijikunje kidogo pale kilipogonga, ukirudishe kwa tupa hapohapo shambani na kuendelea. Kwa hiyo mtu akikuambia panga zuri ni lile tupa isilolikamata, usimsikilize. Na kwa sababu hiyohiyo usinunue panga refu la chuma kisichoshika kutu. Linang'aa vizuri ukutani, ila kulinoa kwa tupa ni taabu tupu.

Panga jembamba linakupa vitu viwili ambavyo mengine hayakupi. La kwanza ni urefu: unafikia tawi lililo juu ya kichwa bila ngazi, na unakata chipukizi la chini bila kuinama sana. La pili ni muda. Nusu kilo unaweza kuirusha asubuhi nzima. Kijana anayefyeka mpaka wa shamba kwa saa tatu hawezi kufanya hivyo na chuma cha kilo moja, hata awe na nguvu namna gani, na mkono uliochoka ndio unaokata mguu.

Tatizo la mapanga ya bei ya chini mara nyingi haliko kwenye bapa. Liko kwenye mpini. Panga langu la kwanza kununua kwa fedha yangu lilikuwa na ribiti laini ambazo ungeweza kuzikwaruza kwa ncha ya kisu, na mimi sikuzitazama. Wiki ya tatu, nikiwa nimelinyanyua juu ya gogo, upande mmoja wa mpini ulibanduka. Bapa liligeuka mkononi na kunipiga ubapa kwenye goti. Lingegeuka kidogo zaidi, lingekuwa makali. Tangu siku ile sinunui panga kabla sijaligeuza na kuangalia ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Unatakiwa ufike mwisho wa mpini, uwe mpana karibu sawa na mpini wenyewe, na ribiti ziwe zimelala sawasawa na mbao bila kuchezacheza. Ukilishika kwa mpini na kuligonga kidogo kwenye kaunta ukasikia "chaka-chaka", lirudishe.

Panga la springi

Huku kwetu Land Rover kuukuu hazijaisha, na zikifa, springi zao zinaendelea kuishi. Jani moja la springi ya gari dogo lina upana wa vidole vinne na unene wa milimita 6 hivi. Mhunzi akilipata hilo ana panga tayari ndani yake. La lori usimruhusu: ni nene mno, atapiga nyundo siku nzima, na kwa kuchoka atakuachia chuma kizito kisichokatika kwa urahisi wala kunoleka.

Chuma cha springi kina kaboni ya takribani asilimia 0.6, pamoja na kromiamu kidogo au manganizi. Kilitengenezwa kibebe mzigo, kipinde na kurudi. Sifa hiyohiyo ndiyo panga linaitaka. Wanepali nao hutengeneza kukri zao kwa springi za malori, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hawaachi kipande cha springi kiende bure.

Nilimwendea mhunzi mmoja mzee ambaye sote tunamwita Babu. Fuawe lake ni kipande cha reli. Nilimkuta chini ya mwembe.

"Babu, nataka panga lisilonasa."

"Linanasa kwenye nini?"

"Mkaratusi."

"Mbichi au mkavu?"

"Mkavu, Babu."

"Basi mgongo nitauacha. Anayetaka jepesi aende dukani, mimi siuzi jepesi."

Nilikaa pale mpaka alasiri, na ninashauri na wewe ukae, maana ubora wa panga la springi hauonekani likishakwisha. Kwanza nilielewa kwa nini kazi yake iko kivulini. Juani huwezi kuiona rangi ya moto kwenye chuma, na rangi ndiyo kipimo chake pekee. Alilipasha hadi likawa jekundu kama pilipili iliyoiva, akalipiga, likarudi motoni, akalipiga tena, akililazimisha makali yawe membamba na mgongo ubaki. Alipomaliza umbo akalipasha mara ya mwisho, halafu akachovya upande wa makali peke yake, kina cha upana wa vidole viwili, ndani ya debe la mafuta machafu ya injini. Mgongo ulibaki mwekundu nje. Moshi ulipopungua akalitoa, akayasugua makali haraka kwa kipande cha jiwe mpaka yakang'aa, akanionyesha.

"Tazama hapa. Linatembea."

Kweli lilikuwa linatembea. Joto la mgongo lilirudi polepole kwenye makali, na pale paliposuguliwa rangi ilibadilika: njano hafifu, ikawa ya asali, ikaanza kuelekea kahawia. Alipoiona kahawia alilizamisha lote. Kwa kufanya hivyo makali yamekazika na mgongo umebaki laini wa kuvumilia kipigo. Wahunzi wa Nepali hufika mahali palepale kwa njia nyingine: humimina maji kutoka kwenye birika kando ya makali tu, mgongo ukabaki bila kuzimwa. Mzee huyu hajatoka nje ya mkoa wa Tanga, na yule wa Nepali hajawahi kusikia habari za Muheza. Wamekutana kwenye chuma.

Panga lake lina uzito unaokaribia kilo moja. Bapa ni sentimita 42, mgongo milimita 5 karibu na mpini na 4 karibu na ncha. Kwenye gogo kavu halina mpinzani kati ya nilivyo navyo. Mgongo wake unaweza kuupigia gongo na kupasua kuni bila woga, jambo ambalo panga jembamba litakukunjia. Ila baada ya nusu saa bega linaanza kukukumbusha kwamba umebeba chuma. Kwa kufyeka halifai hata kidogo.

Hatari ya springi ni fundi asiyejua moto. Panga lililozimwa lote kwa maji baridi bila kurudishiwa joto linaweza kukatika vipande viwili kwa pigo moja. Lisilozimwa kabisa litapinda makali kwenye fundo la kwanza. Kwa hiyo nenda na tupa yako mfukoni. Ipitishe kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekaza mno, ikila kama inapita kwenye msumari wa kawaida, hakijakazwa. Unataka tupa iume, lakini ikudai nguvu. Kisha pitisha tupa hiyohiyo kwenye mgongo. Pale iume kwa urahisi zaidi. Halafu lining'inize kwa vidole viwili, uligonge kwa ukucha au funguo. Lililo zima linalia muda mrefu. Lenye ufa ndani sauti yake inakatika ghafla.

Kukri na golok

Kukri yangu ilikuja kwa njia ya Doha, Qatar. Shemeji yangu alifanya kazi kule, chumba kimoja na Wanepali, na mmoja wao aliporudi kutoka likizo alimletea moja kama zawadi. Ilisafiri kwenye mzigo wa chini ya ndege ikiwa ndani ya ala yake ya ngozi, na shemeji hakuwa na kazi nayo, akanipa.

Ni fupi kuliko nilivyodhani: bapa la sentimita 28 tu. Lakini mgongo, pale kwenye mpindo, ni milimita 8, na ukiinyanyua unahisi inataka kuanguka mbele. Huo ndio ufundi wake. Kwa urefu mdogo inapiga karibu kama panga la springi, na kwa kuwa ni fupi unaitawala. Kuchonga ncha ya kigingi, kukwatua gome, kukata fito ukiwa umepiga goti, kufanya kazi ndani ya kichaka ambamo mkono haupati nafasi: hapo sijaona kinachoishinda. Sehemu iliyo karibu na mpini ni nyembamba kiasi na hutumika kama kisu cha kawaida.

Mapungufu yake ni mawili. Ufupi wake unauleta mguu karibu na chuma. Ukikata tawi la chini kwa kukri lazima uiname au upige goti, na ukikosa shabaha chuma kinakuja kwako, wakati panga refu likikosa hugonga udongo kwanza. La pili ni kunoa. Makali yamepinda kwa ndani, kinoo bapa hakiyafikii. Unahitaji tupa ya mviringo, au kijiti kilichofungwa msasa.

Golok ni binamu yake aliyenyooka. Jeshi la Uingereza lilichukua umbo hilo la Malaysia, na Martindale wakawa wanaitengeneza, bapa la sentimita 33 hivi, nene kuliko panga la kawaida, makali yakiwa na tumbo kidogo, yaani yamevimba ubavuni, badala ya kushuka bapa. Hilo tumbo ni jambo la kuiga. Makali yenye tumbo hayanasi kwenye mti mkavu kama yale yaliyochongwa bapa, na unaweza kuyatengeneza mwenyewe kwa tupa juu ya panga lolote. Kwa mtu anayetaka chombo kimoja cha kubeba kiunoni akitembea msituni, golok inakaa vizuri katikati ya panga na kukri. Kwetu ni shida kuipata, na sioni sababu ya kuagiza kutoka ng'ambo kitu ambacho mhunzi anaweza kukitoa kwenye springi ukimchorea kwenye vumbi.

Nyengo, mundu na kotama

Hivi nitavipitia upesi kwa sababu kila kimoja kina kazi yake na hakijifanyi kingine. Nyengo, yenye mpini mrefu na bapa lililopinda mwishoni, ni ya vichaka vya miiba. Inavuta kichaka kije kwako huku mkono uko mbali na miba, na kwa mgunga mdogo au kichaka cha lantana nitaichagua mbele ya panga lolote. Mundu ni wa nyasi na mavuno. Kotama ni ya mgema, kwa kilele cha mnazi, na yeye huinoa kama wembe kwa sababu mnazi ukikwaruzwa vibaya tembo halishuki. Usiiombe kotama ya mtu ukakatie kuni. Utavunja urafiki.

Jumamosi moja, matawi mawili

Ili nisiandike kwa kumbukumbu tu, nilivichukua vitatu, panga jembamba, la springi na kukri, nikavinoa vyote asubuhi ileile, nikaenda navyo mpakani na kijana wa jirani.

Tulianza na tawi bichi la msaji, unene wa sentimita 5. Panga jembamba lililikata kwa mapigo matatu, safi, bila kelele. La springi matatu pia, lakini la tatu lilikuwa la kumalizia tu. Kukri manne. Hapo tofauti ni ndogo, na kama kazi yako ni matawi mabichi ya namna hii basi chukua jepesi na usitazame nyuma, kwani utakuwa na mia moja ya kukata kabla ya adhuhuri.

Kisha gogo la mkaratusi lililokauka, sentimita 8. Hapa nilishangaa, ingawa nilitegemea. Panga jembamba nilihesabu zaidi ya mapigo ishirini, na mara tano lilinasa nikalazimika kulitikisa. Pigo la springi lilirusha vibanzi vya ukubwa wa kidole gumba, likamaliza kwa kumi na mbili. Kukri kumi na tano. Kijana alichukua la springi akajaribu mwenyewe kwenye gogo jingine. Alipofika katikati akabadilisha mkono. "Kaka, hili ni zito," akasema, na alikuwa sahihi: yeye ni mwembamba, na kwake kukri ingefaa zaidi kwenye gogo lile.

Kitu kimoja kilibadilisha hesabu zote: pembe ya pigo. Ukipiga wima, chuma chochote kinanasa. Piga kwa kuinamisha, nusu kutoka kulia, nusu kutoka kushoto, ufungue mdomo wenye upana karibu sawa na unene wa gogo. Na ukipunguza matawi kwenye mti uliolala chini, anzia shinani kwenda kileleni, ukipiga upande wa nje wa tawi, usipige ndani ya pacha. Ukipiga ndani ya pacha unapambana na nyuzi zilizosokotana, na hata panga zuri litaonekana bovu. Simama upande mwingine wa gogo, mti uwe kati ya mguu wako na chuma.

Makali na mpini

Mapanga mengi ya kiwanda huuzwa yakiwa na makali ya kuanzia tu, na mnunuzi anatarajiwa kuyamalizia. Watu wengi hawajui hilo, wanalitupia lawama panga. Tupa bapa ya inchi 8 au 10 inatosha. Sukuma mbele tu, usivute kurudi, maana kurudi kunaua meno ya tupa. Kwa nyasi unayafanya makali membamba. Kwa miti yaache yawe na mwinuko zaidi, kisha uvunje ile kona ya nyuma ya makali kwa mapito machache ili litoke tumbo kama la golok.

Kuna wanaopeleka panga kwenye mashine ya kusaga iliyo gereji. Wiki mbili baadaye wanasema panga limeharibika. Limeungua. Makali membamba yakipata joto la nyuzi 300 hivi yanageuka buluu, na ukiiona buluu, sehemu ile imeshalainika. Kama lazima utumie mashine, chovya kwenye maji kila baada ya pito moja, na kidole kikishindwa kuyagusa makali, simama.

Mpini wa plastiki unateleza kwa jasho. Vijana wengi huuvisha mpira wa tyubu ya baiskeli, na inasaidia, ingawa kwa kazi ndefu unachoma kiganja. Mimi hung'oa plastiki na kuweka mti wa mpera, ulionyooka, uliokauka kivulini, mwisho wake ukiwa na kisigino kinachoshuka kidogo kuzuia mkono usichomoke. Unene uwe kwamba ukifumbata, ncha za vidole zinakaribia kugusa kiganja bila kukigusa. Ukiwa mnene mno utabana misuli bila kujua. Baada ya kazi futa utomvu kwa mafuta ya taa, hasa wa mfenesi, kisha paka mafuta ya nazi. Upepo wetu una chumvi, na kutu hailali.

Mahali ambapo panga halifai

Kwenye michungwa yangu siingii na panga, na ningependa kila mwenye bustani aache. Panga huchana gome, na gome lililochanika ni mlango wa ugonjwa ule wa shina kutoa gundi, ambao ukiingia unakula mti mzima polepole. Mbuni wa kahawa ni vilevile: mkasi kwa machipukizi, msumeno kwa shina, mkato ulioinama maji yasitulie. Hata msaji uliosimama, unaoutarajia utoe mbao, upogoe kwa msumeno karibu na shina; alama ya panga ya leo utaikuta ndani ya ubao baadaye. Na gogo likizidi unene wa kiganja kilichofunguliwa, weka panga chini, chukua shoka.

Lipi sasa

Mwenye shamba la vichaka, migomba, fito mbichi na mpaka wa kufyeka achukue panga jembamba la chuma kizuri, sentimita 45, aongeze na fedha ya tupa. Kama ni la Brazili atalipa zaidi, na kwa mtu anayelitumia kila siku tofauti hiyo inarudi mapema. Anayetema kuni kavu na kupasua magogo madogo aende kwa mhunzi, akae kivulini, aone rangi. Mwenye umbo dogo, mwanamke au kijana, asishawishiwe na uzito wa springi: aombe jani hilohilo lakini bapa la sentimita 30 lenye mpindo kidogo mbele, yaani kukri ya Muheza. Babu ameshanitengenezea moja kwa ajili ya mke wangu, na sasa ndiyo inayokaa karibu na jiko, zile nyingine ziko stoo.

Na mwenye fedha ya chombo kimoja tu, kazi zote zikiwa zimechanganyika, achukue jembamba. Mti mkavu utamchelewesha, lakini jembamba analoliweza mchana kutwa litamfanyia mengi kuliko zito analolitua baada ya nusu saa. Alinunue leo jioni, asilipeleke shambani kesho. Kesho ni ya tupa: upande mmoja mapito thelathini, upande wa pili thelathini, ahesabu, mpaka makali yakiwekwa juu ya ukucha yakamate, yasiteleze.